Mtu kabonyeza sitaha ya manowari yangu kwa dole lenye mafuta ya bajia, halafu ananiuliza "imekauka?"

BombaTatu (mleta uzi)

Wakuu, sijalala. Kama kuna herufi nimeruka mnisamehe, mkono bado unatetemeka.

Simtaji. Mnamjua. Kila mjenga vimeli, hizi meli ndogo za mfano, wa Dar anamjua. Hajawahi kuunga hata mtumbwi wa karatasi, ila Jumamosi ikifika yupo, kasimama upande uleule taa inakotokea, anapumulia rangi yako. Ukipaka kijivu, yeye angepaka buluu. Ukipaka buluu, anakuuliza nani kakudanganya.

Jana nimemaliza Königsberg. Ile manowari ya Wajerumani ya vita ya kwanza ya dunia, iliyojificha Rufiji, ambayo wazee waliiita Manowari ya Bomba Tatu. Kwa kipimo cha 1/350 inatoka sentimita 33 kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, upana haufiki sentimita nne. Mwili nimechonga kwa mbao, nikajaza putii ya magari, nikapiga msasa wa 400, nikaja 800, nikaja 1000 kwa maji, mpaka mama watoto akasema hata yeye sijawahi kumshika kwa upole ule. Bomba tatu nimekata kwenye mirija ya peni.

Sasa sitaha. Sitaha, jamani! Nimekwaruza vibao kimoja kimoja kwa sindano. Rangi ya mbao nimechanganya aina nne, kwa sababu mbao halisi hazifanani. Nimepaka kibao hapa, naruka viwili, kibao pale, kwa brashi yenye nywele unazoweza kuzihesabu. Wiki tatu. Ikakauka, nikaifunika na tepu ya karatasi, ndipo nikapuliza ubavu kijivu na chini nyekundu ya kutu. Mstari wa maji umenyooka kama umechorwa na malaika. Nikabandua tepu, hakuna hata tone lililovuja. Nililia kidogo.

Ikabaki vanishi. Mnajua vanishi ya kupuliza na unyevu wa pwani, ukikosea siku inageuka nyeupe kama tui. Nimesubiri siku kavu kama mkulima anavyosubiri mvua. Jana jua likaja. Nikapuliza. Ikatulia. Nikasema Alhamdulillahi.

Akaingia, na bajia.

Wakuu, hakuuliza kwanza. Angeuliza kwanza nisingeandika uzi. Alibonyeza HUKU anauliza. "Imekauka?" na dole gumba tayari liko kati ya bomba la pili na la tatu. Halafu akalizungusha kidogo, kama anapiga muhuri wa serikali ya mtaa. Halafu akalitazama dole LAKE, akasikitika, akalifuta kwenye tepu yangu.

"Bado," akasema.

BADO!

Alama nimeipima asubuhi kwa rula: sentimita 2.2. Zidisha mara 350. Hilo ni dole la karibu mita nane. Daladala nzima imeegeshwa juu ya vibao vyangu, na mistari ya ngozi inaonekana, NIDA wa vitambulisho wangeichukua bila kumwita.

Waingereza waliizingira meli hii miezi na miezi. Wakaleta monita mbili, meli za mizinga zinazopita kwenye kina kifupi, Severn na Mersey, wakaleta na ndege ya kutazama makombora yanaangukia wapi. Tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa. Wakarudi tarehe 11 ndipo ikaisha. Yeye kaimaliza kwa bajia ya mia mbili.

"Imekauka?" Nasikia hiyo sauti hata bafuni.

Mzee wa Putii

Uzi tayari. Picha ya dole iko wapi mkuu?

Nanga Mbovu

Huyu si ndiye aliyeng'oa mlingoti wangu akidhani ni kijiti cha meno? Simtaji na mimi.

Mtu wa Forodhani

Mleta uzi pole, ila acha niseme ukweli. Mimi najenga Pegasus, ile ya Waingereza ambayo hiyo manowari yako iliikuta Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 imetia nanga inatengenezwa mitambo, ikaizamisha. Kwa hiyo kwa upande wetu dole limekuja kwa kuchelewa. Mwambie nampongeza, bajia inayofuata nalipa mimi.

BombaTatu

Wewe sina muda na wewe leo.

KibaoChaTatu

Kule Rufiji mabaharia waliifunika kwa matawi isionekane. Bandika majani ya mikoko juu ya dole, waambie watu ni historia.

Sabuni ya Kipande

Niseme la maana kidogo. Usipake kitu juu ya hayo mafuta, rangi haitashika. Iache ikauke kabisa, hata siku tano. Osha taratibu na maji ya sabuni, piga msasa wa 1000 wenye maji pale palipovimba tu, rudia vibao, vanishi nyembamba mara mbili. Nimepona hivyo mara

Sabuni ya Kipande

Simu ilizima. Nimepona hivyo mara nyingi. Kwangu ni paka.

Mwana Lamu

Nyie wa bara mwatuchekesha. Huku kwetu chombo hupakwa chokaa na shahamu chini, juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, watu hukanyaga na miguu yenye matope, na chaenda. Hatujaona mtu akilia kwa sababu ya dole.

BombaTatu

Bwana Lamu, chombo chako kina sentimita ngapi? Mtu akikanyaga jahazi kwa mguu wa kwake ni sawa. Huyu kakanyaga kwa mguu wa Goliathi.

Mama Enameli

Mnashangaa dole? Mume wangu kachukua brashi yangu mpya, ya kuagiza, imekaa posta wiki sita nikaenda kuikomboa mwenyewe. Kaichukua akapakia mafuta kwenye chapati. Nimemkuta jikoni anaisifia. "Hii haiachi alama kabisa." Bila shaka haiachi alama, ndiyo maana nimeinunua!

Nanga Mbovu

😂😂😂 Chapati zilikuwaje?

Mama Enameli

Nzuri. Ndicho kinachoniuma.

Mzee wa Putii

Tukiwa hapo hapo, kuna mtu kapata tina ya kuyeyushia rangi ya bei nafuu mtaa wa Gerezani? Ile niliyonunua juzi imekula plastiki, bomba zangu zimelainika kama tambi.

KibaoChaTatu

Hiyo ni ya magari mkuu, usiiweke kwenye plastiki. Ya kuoshea brashi tu.

Mzee wa Putii

Sasa unaniambia leo?

Kijana wa Kilindini

Mleta uzi, umesema ubavu kijivu. Kijivu gani? Mzinga wa hiyo meli upo Fort Jesus, njoo Mombasa uutazame kwa macho.

BombaTatu

Mzinga uliotolewa melini ukaburutwa vitani nchi kavu, ukasimama nje miaka yote hiyo, umepakwa mara ngapi? Nikifuata rangi ya sasa nitakuwa napaka rangi ya makumbusho. Na mada siyo ubavu. Mada ni DOLE. Mtu kabonyeza huku anauliza!

Shahidi Namba Moja

Wakuu nilikuwepo. Naomba kurekebisha. Haikuwa bajia, ilikuwa kachori.

BombaTatu

Bajia.

Shahidi Namba Moja

Kachori mkuu. Ya mviringo, viazi ndani. Ndiyo maana kuna kitu cha njano karibu na bomba la tatu.

Mtu wa Forodhani

Kama ni njano ni kachori. Bajia za kunde huacha mafuta tu.

Mwana Lamu

Bajia za dengu je?

Sabuni ya Kipande

Kama ni manjano ya viazi hayatoki kwa sabuni, nafuta ushauri wangu.

Nanga Mbovu

Huyo mama wa kachori anauzia wapi? Za mtaani kwetu siku hizi viazi vitupu, hata ndimu hawaweki.

Shahidi Namba Moja

Nyuma ya fundi baiskeli, ukipita mashine ya kusaga. Saa kumi na moja zinakuwa zimeisha.

Mama Enameli

Chatine anaweka?

BombaTatu

Turudi kwenye mada jamani.

Shahidi Namba Moja

Anaweka. Ya ukwaju na ya nazi.

Mzee wa Putii

Ya nazi mbili nitunzie. Jumamosi nakuja na ile tina, mtu aninusie aniambie ni nini.