Amelazwa kwa sonona, nitajuaje kama atapona?

Kaka_Mtu: Wakuu habari. Dada yangu kalazwa, wiki ya pili hii, sonona kali. Dawa anameza, lakini kutwa kageukia ukutani, chakula kinapoa pembeni. Nikimuuliza daktari, "tusubiri". Hakuna kipimo cha damu au picha ya ubongo cha kutabiri? Nataka ndiyo au hapana.

NesiMstaafu: Cha damu hakipo. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoongea: alama za dalili (zile anazopewa akiulizwa maswali ya hali yake) zisiposhuka hata moja ya tano, dawa hiyo mara nyingi haifiki mbali. Aliugua muda gani kabla ya kulazwa? Pombe? Aliwahi kuchangamka kupita kiasi?

Jogoo: Mjomba wangu alikaa wodini kimya, tukakata tamaa. Alipotoka tu akakumbuka madeni yote anayotudai.

Mja_wa_Mungu: Ndugu mnakutana kwenye magrupu tu, mtu akizama ndio mnashtuka. Muombeeni.

Kaka_Mtu: Amina. Nesi, miezi minane hivi. Pombe hagusi. Hilo la tatu silioni linahusu nini.

NesiMstaafu: Linahusu. Jibu.

Kaka_Mtu: Haya. Mwaka juzi alikesha siku kadhaa bila kuchoka, anaongea mfululizo, akatoa akiba yote akafungua biashara tatu kwa mpigo. Tulifurahi! Daktari sijamwambia, asije akambandika jina baya. Na dereva nimeshaongea naye, Jumamosi namtoa. Wodi inamkondesha.

NesiMstaafu: Hiyo yaweza kuwa bipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kuzama. Dawa za sonona peke yake huenda zisimsaidie, au zikamrusha juu tena. Unamtaka daktari atabiri huku umemficha nusu ya ugonjwa? Na wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ndizo hatari zaidi kwa mtu kujiua.

Kaka_Mtu: Mimi namjua kuliko wao.

Mpekuzi: Hii chai. Mwezi jana ulileta uzi huuhuu, mgonjwa alikuwa mkeo.

Jogoo: Kesho atakuwa bibi 😂

Kaka_Mtu: Niliandika mke ili nisijulikane!

Mpekuzi: Mimi nahisi mgonjwa ni wewe.

Mja_wa_Mungu: Mods fungeni uzi.

NesiMstaafu: Msifunge. Awe dada, mke au wewe mwenyewe, daktari asikie habari ya mwaka juzi leo, si Jumamosi. Na kama ni wewe, unawaza kujidhuru?

Kaka_Mtu: Ni dada, nimesema. Dereva nimemwambia asubiri kwanza. Sijasema nimeahirisha.