"Niwekee jina mkuu" halafu kimya: huu ununuzi wa pamoja wa boneti za kaboni umenifika shingoni

Wakuu, leo salamu ndefu sina.

Orodha ya kuagiza boneti za nyuzi za kaboni kiwandani kwa pamoja ilikuwa na majina 20. Yote mliandika wenyewe: "nipo mkuu", "niwekee boneti na buti kabisa", "mimi hata kesho nalipa". Siku ya kianzio imefika, waliolipa ni 8. Waliobaki simu hawapokei, ujumbe wanausoma na kuuacha hivyo hivyo, ila jioni nawaona humu humu wanabishana kuhusu matairi.

Kuna mmoja ameniambia, "kwani shida iko wapi, si uagize hizo 8?" Shida ni kwamba bei niliyowaletea ilitokana na idadi. Kiwanda hakina boneti za gari letu zilizopangwa stoo zikisubiri mteja. Kinaanza na kalibu, na kalibu inatolewa kwenye boneti halisi, iliyonyooka, isiyowahi kugongwa wala kupigwa puti, maana kila kasoro yake itajirudia kwenye kila nakala. Gharama ya kalibu haipungui, uitumie kutoa boneti 1 au 50. Tukiwa 20 tunaigawana kidogo kidogo. Anayejitoa kimya kimya fungu lake linabebwa na hao 8 walioamini neno lake.

Na hiyo boneti halisi mnadhani ilitoka wapi? Mwenzetu mmoja alivua ya kwake akaituma kiwandani, gari lake limekaa limefunikwa turubai. Huyo hajalalamika hata mara moja. Wanaolalamika ni ambao hawajatoa kitu.

Tuje kwa wajuzi. Yupo aliyeweka picha ya boneti ya nusu bei akaandika "tunaibiwa". Mkuu, ile ni faiba ya kioo iliyovalishwa tabaka moja la kaboni juu. Igeuze uangalie chini ndipo utajua. Sina ugomvi nayo, anayetaka mwonekano tu aichukue, lakini usije kulinganisha bei yake na ya kwetu mbele za watu. Tuliyokubaliana ni kaboni tupu: kitambaa kinakuja kimeshaloweshwa resini (gundi inayoganda ikawa ngumu) kwa kipimo, kinapangwa ndani ya kalibu tabaka kwa tabaka, kinafungwa kwenye mfuko na hewa yote inanyonywa, kisha kinaokwa kwenye tanuri la shinikizo kwa joto la nyuzi 120 au zaidi. Hapo ndipo pesa inapokwenda, kwenye tanuri na kwenye mikono ya wale wanaopanga kitambaa ili misuko isipinde. Njia ya kupaka resini kwa brashi ni rahisi zaidi, ila resini inazidi, boneti inakuwa nzito, na uzito ndio tulikuwa tunaukimbia. Tulipiga kura juu ya hili. Ulikuwepo, ukanyamaza. Kunyamaza mnakuweza sana.

Kuna tuhuma iliyonikera kuliko zote: "boneti ina kilo 8, usafiri unakuwaje mkubwa hivyo, huyu anakula cha juu". Cha juu! Haya, shika kikokotoo. Mzigo mkubwa mwepesi ukipanda ndege unatozwa kwa ujazo. Urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, kisha wasafirishaji wengi wa vifurushi wanagawa kwa 5000. Sanduku la 150 kwa 140 kwa 20 linakupa kilo 84. Utalipia kilo 84 hata ukijaza manyoya ya kuku. Ndiyo maana nikasema twende na meli, masanduku yote kwa pamoja, na kwa meli napo wanahesabu nafasi, kwa hiyo idadi ikashika tena. Ankara ya kiwanda na bei ya wakala wa usafirishaji nimeziweka wazi kwenye orodha tangu mwanzo. Aliyenituhumu hajazifungua.

Nisiwasahau walioandika "gari kama lenu" bila kusema la mwaka gani. Toleo la kabla ya kubadilishwa sura na la baada yake yana taa tofauti, na ukingo wa boneti unafuata taa. Nimeuliza mara ngapi? Wengine mpaka leo hawajajibu, wengine wanataka niwabashirie.

Na ile habari ya nafasi kati ya boneti na madigadi. Ukipokea, unaifunga kavu kwanza, unarekebisha bawaba, unaangalia kila upande, ndipo unaipeleka kwa fundi kupigwa vanishi ya kuzuia jua, kwa sababu epoksi, yaani hiyo resini, ikiachwa juani bila kinga inageuka njano. Ukiipaka kwanza halafu ukagundua haikai, kiwanda hakipokei lawama. Mimi nami sizipokei, msije inbox.

Sasa hivi mambo yako hivi. Nyie 8, pesa zenu zipo zote, hakuna iliyokwenda kiwandani. Kuna bei mpya ya watu 8, nimeibandika kwenye orodha. Anayeikubali aseme hapa hapa hadharani, asiyeitaka aseme pia nimrudishie chake chote, na sitamlaumu kwa sababu yeye alitimiza. Boneti ya mwenzetu inarudi kwake kwanza kama tukiahirisha, na usafiri wake tunachangia sote.

Majina 12 nimeyafuta. Anayetaka kurudi analipa yote kwa mkupuo, hakuna kianzio tena, na sihifadhi nafasi ya mtu.

Na wewe uliyenitumia ujumbe usiku wa manane ukitaka punguzo kama utachukua spoila peke yake: spoila haikuwahi kuwepo kwenye orodha. Isome.