Wauza trei za NAS, trei "inayoingia boksi zote" HAIPO. Acheni kutuuzia hasara

Wadau, salaam aleikum. Nina hasira na sitaificha.

Nina studio ndogo ya video hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Tunapiga harusi, Maulidi, mashindano ya jahazi, na siku hizi watu wanatuletea kanda zao za zamani tuzinakili kabla hazijaliwa na ukungu. Vyote vimo kwenye NAS moja (boksi la diski la kuhifadhia data, linalofikiwa kupitia mtandao) ya diski nne, terabaiti (TB) 4 kila moja, kwa mpango wa RAID 5. Kwa asiyeijua: diski moja ikifa kazi haisimami, kwa kuwa zile tatu zina hesabu ya kutosha kuirudisha data ya marehemu. Ikifa ya pili kabla hujaweka mpya na ikajazwa hadi mwisho, umepoteza vyote.

Jumatatu moja baada ya Isha boksi likaanza kulia, taa ya nafasi ya tatu nyekundu. Nikaishika trei, kile kibebeo cha plastiki kinachoingiza diski ndani ya boksi, niivute, mkono wake ukabaki kiganjani mwangu. Plastiki imekaushwa na joto miaka yote hii, na skrubu za ubavuni zimeota kutu kwa chumvi hadi bisibisi inateleza. Kwa hiyo nikawa natafuta vitu viwili, diski na trei. Diski nilijua nitapata. Trei ndiyo imenitoa roho.

Muuzaji nilimpata mtandaoni, yuko bara, jina simtaji. Nilimpigia picha boksi, nikampigia picha kibandiko cha chini chenye namba ya modeli, nikampigia picha trei iliyovunjika imelazwa kando ya rula. Jibu lake: "Ni hiyo hiyo boss, zote saizi moja." Nikatuma shilingi 2,800 za trei, pesa ya diski na ya usafiri juu yake. Mzigo ukapanda basi hadi Mokowe, ukapanda boti, ukafika gatini siku ya tano. Siku tano hizo natembea na diski tatu, stima ikikatika moyo unakatika nayo.

Sasa hebu niwaeleze nilichokikuta. Trei mbili ukiziweka mezani utadhani ni pacha. Zigeuze. Yangu ina mfereji chini kidogo ya katikati ya ubavu, hii mpya mfereji wake uko juu. Mkono wa yangu hufunguka kutoka kulia, wa hii kutoka chini. Nikaitia, ikaenda vizuri, halafu ikasimama imebaki nje kama unene wa ukucha. Na unene wa ukucha ndio kila kitu hapo, kwa sababu mkono wa trei ndio unaozikandamiza pini za diski kwenye ubao wa nyuma. Pini zisiposhika, diski haipo, hata ungeisomea dua. Skrubu alizotia kwenye pakiti nazo ni M3, za diski ndogo ya inchi 2.5! Diski ya inchi 3.5 hushika skrubu za 6-32, nene kidogo. Zile zinacheza ndani ya tundu.

Nikampigia. Kwanza akasema sukuma kwa nguvu. Nilipokataa akasema, "Basi weka diski bila trei, itakaa tu." Mtu anauza vifaa hivi na hayo ndiyo maneno yake! Diski bila trei inalala upande, uzito wote unaangukia pini, ukikosea umevunja soketi ya ubao wa nyuma na sasa huna trei wala boksi. Kurudisha mzigo, ananiambia nauli ni juu yangu.

Fundi jirani ndiye aliyeniokoa. Tukairudisha ile trei yangu iliyokatika mkono, tukaisukuma kwa vidole gumba viwili hadi ikashika, tukaizuia na kipande cha mbao. Diski mpya ikaonekana, boksi likaanza kuijaza. Siku ya tatu, asilimia 41, likaitupa nje.

Kumbe hata diski alinidanganya. Nilimwambia nataka ya NAS, akanipa ya SMR, ile ambayo njia za data zimepandana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti moja lazima uinue yaliyolilalia. Kwa kuhifadhi picha kidogo kidogo haina neno. Kwa kujazwa mfululizo saa baada ya saa inazidiwa, inakawia kujibu, na boksi linahesabu kwamba imekufa. Si siri hii. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zinazouzwa kwa ajili ya NAS, za TB 2 hadi TB 6, zilikuwa za SMR, baada ya watumiaji kupiga kelele. Yangu ni ya kampuni nyingine, lakini anayeuza diski hana udhuru wa kutolijua jambo hili. Ya NAS inapaswa kuwa CMR, ile ambayo njia zake hazipandani. Muulize muuzaji kabla hujatuma pesa, akisitasita ondoka.

Na wale mnaouza NAS za mtumba zenye nafasi nne na trei mbili, halafu trei mbili mmezitia kwenye tangazo jingine, mnajua mnachokifanya. Kampuni moja tu ina trei za namna nyingi, modeli hadi modeli. Ukiitenga trei na boksi lake hujui tena ni ya wapi, na ndipo uongo wa "inaingia zote" unapozaliwa. Andikeni namba ya modeli. Wekeni picha ya ubavu na ya nyuma. Isipoingia, rudisheni pesa pamoja na nauli.

Asije mtu kuniambia RAID si bakapu. Najua. Harusi zina nakala kwenye diski za nje. Kanda za watu tulizonakili miezi hii ndizo zilikuwa bado, na kuna mama mmoja wa kijiji cha Shela ambaye sauti ya marehemu mumewe imo humo peke yake. Kanda yenyewe ilikatika tulipokuwa tukiimalizia. Tangu juzi nainakilia nje, faili moja moja, wala siondoki chumbani.

NYONGEZA: Mnaoniambia nichapishe trei kwa mashine ya 3D, ahsanteni, lakini plastiki ya PLA inayotumika humo huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na chumba changu mchana mnakijua. Picha ya kibandiko nimeiweka hapo chini. Mwenye boksi la modeli hiyo lililoungua, Malindi, Mombasa, popote, naomba trei moja. Nitalipa bei utakayosema, na nauli hadi gatini ni yangu.