A sita za darasa la saba, kumbe hazitoshi! Alama wanatuficha za nini?

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Binti yangu kamaliza la saba. Matokeo yametoka nikafungua kwenye simu: Kiswahili A, Kiingereza A, Maarifa A, Hisabati A, Sayansi A, Uraia A. Wastani A. Vigelegele nyumba nzima, bibi yake kaamshwa usiku kupewa habari. Uchaguzi wa kidato cha kwanza unakuja kutoka: shule ya kata, kutwa. Mwenzake waliyekaa darasa moja, naye A sita, kapangiwa Msalato, shule ya wasichana wa vipaji maalumu. Sina neno na yule mtoto, anasoma kwelikweli.

Nikafunga safari hadi ofisi ya elimu. "Mzazi, mfumo ndio umepanga." Kwa kigezo gani? "Ufaulu." Ufaulu si ndio hizi A? Jamaa akarudi kuchezea simu yake.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Somo moja alama 50, masomo sita, jumla 300. A ya somo inaanzia 41. Aliyepata 41 kila somo ana 246, aliyepata 49 kila somo ana 294. Mtandaoni wote wawili ni A sita! Lakini kwenye kuchuja watoto wa vipaji maalumu, alama ndizo zinazopanga foleni. Na shule zenyewe za wasichana unazihesabu kwa vidole: Kilakala, Msalato, Tabora Girls. Huko 246 unapita nayo wapi, wakati shule binafsi darasa zima linatoka na A?

Hilo hakuna mwalimu aliyetuambia. Tuliambiwa "akipata A anaenda Kilakala". Tumechangia kambi, mahindi, maharage, karatasi za mitihani ya kila Jumamosi, yote kwa kuifukuzia herufi.

Na nyie wa "hata kata wanafaulu", leo nipisheni. Najua wanafaulu. Ninachotaka ni jumla ya alama za mwanangu, na alama za msichana wa mwisho aliyechukuliwa. Namba mbili tu. Akiwa kazidiwa, nanunua sare za kata na nanyamaza. Namba zipo kwenye hilo hilo limfumo lao, maana bila hizo wangechagua vipi?

Kuna mzazi humu aliyewahi kuandika barua akapewa alama? Uliipeleka wilayani au ulipanda juu zaidi?