MREJESHO: Fundi aliyeanguka toka kwenye jukwaa

Wakuu, niliuliza nani anabeba gharama fundi wa ujenzi akidondoka jukwaani na kuvunjika nyonga. Kwa Tanzania Bara ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango ni wa mwajiri peke yake, kwa hiyo msikubali kukatwa mshahara kwa jina la mfuko huo.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7. Hapa ndipo panapokwama: bosi analipa hospitali kimyakimya, na faili linasomeka “ameanguka” tu. Mwambieni daktari aandike kabisa: kazini, saa ngapi, toka urefu gani.

Akiwa kitandani hawezi kazi, hulipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, pensheni kila mwezi. Usipozidi, malipo ya mkupuo.