Naomba ushauri: ngazi ya kupanda darini, ya vidato vya kupishana

Jamani mafundi na mlojenga, naomba mnisaidie. Nyumba yangu iko Kibokoni, Mombasa, kuna dari nataka nimtengezee kijana wangu chumba cha kulala, sasa shida ni nafasi ya ngazi. Kimo ni futi tisa na pale chini nina futi tano na kidogo tu kabla sijafika mlango wa jikoni, ngazi ya kawaida ingetaka zaidi ya futi tisa, haingii kabisa.

Nimeona zile ngazi za vidato vya kupishana, kimoja cha mguu wa kulia kinachofuata cha kushoto, upande wa pili umekatwa ili mguu mwingine upite. Zina mwinuko mkali, digrii 50 mpaka 70 hivi, na uzuri wake washuka ukitazama mbele si kinyumenyume kama ngazi ya kuegemeza.

Fundi wangu ashaanza kukata mbao lakini vidato amevifanya vyembamba hata kisigino chaning'inia, ati ndivyo zilivyo. Hapo mimi sikubali. Yafaa kuacha inchi ngapi za kukanyagia? Na cha juu kabisa kiwe cha mguu gani, maana ukianza na mguu siwo usiku na usingizi ndio waporomoka.

Mikono ya kushikia naweka pande zote mbili, hilo sina mjadala. Mbao ni mvule, chuma nimekataa, chumvi hii ya bahari twaijua. Na godoro mlipandishaje?