Naomba ushauri: majaruba ya mpunga ya kando ya bahari, Japani

Habarini wakuu. Nipo Fukuoka kimasomo, na likizo ya mwanzoni mwa Mei nataka kwenda kuona majaruba ya ngazi yanayoteremka mlimani hadi baharini. Nimebaki na sehemu mbili kichwani.

Ya kwanza ni Shiroyone Senmaida, Wajima, rasi ya Noto. Majaruba 1,004, mengine madogo kiasi kwamba trekta haligeuki, kazi ni ya mikono. Moyo uko huku. Ila tetemeko la Januari 1, 2024 lilipasua matuta, na Septemba mwaka huohuo yakaja mafuriko. Aliyefika huko karibuni anieleze: barabara kutoka Kanazawa ikoje, na malazi yanapatikana? Treni haifiki Wajima, hilo nalijua. Na je, wenyeji wanafurahia wageni kwa sasa, au nitaonekana nimekuja kupiga picha kwenye matatizo ya watu?

Ya pili ni Hamanoura, Genkai, mkoa wa Saga. Ni karibu na kwangu, na mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei maji yanakuwa yamejazwa, jua likizama majaruba yote yanawaka rangi. Shida ni usafiri. Leseni sina, na treni ninayoijua inaishia Karatsu. Kuna basi la kunirudisha baada ya magharibi, au ndiyo nitalia na teksi?

Bajeti ya mwanafunzi, mnaielewa. Wajuzi karibuni.